Ramani na Habari katika Elimu ya Ukombozi

Kila utawala huwafundisha watoto mahali walipo duniani. Utawala wa kinyonyaji huwafundisha ili wakae hapo hapo walipowekwa. Utawala wa wananchi huwafundisha ili wajue ni nani aliyewaweka hapo, kwa faida ya nani, na njia ya kutokea ni ipi. Kwa sababu hiyo somo la ramani, pamoja na zoea la kufuatilia habari za dunia, si mambo madogo ya kuachiwa mwalimu wa jiografia peke yake. Ni sehemu ya kazi ya siasa, na kila kada hana budi kuyaelewa.

Shabaha ya makala haya ni kueleza kwa kifupi historia ya mambo hayo mawili katika shule za nchi yetu, na kutoa hoja moja. Habari bila ramani hugeuka kuwa wimbo tu, na ramani bila habari hugeuka kuwa pambo la ukutani. Tulipoviunganisha tulilea raia wenye kufikiri. Tulipovitenganisha tulilea kasuku, na kasuku hawezi kulinda nchi wala kujadiliana na jirani.

MIPAKA ILIVYOCHORWA

Mkutano wa Berlin ulianza tarehe 15 Novemba 1884 ukamalizika tarehe 26 Februari 1885. Hakuna Mwafrika aliyekaa kwenye meza ile. Mwishoni mwa mwaka 1884, wajumbe wakiwa bado wanajadiliana, Carl Peters alikuwa akizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami na karatasi zake za mikataba. Siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, yaani tarehe 27 Februari 1885, Kaiser aliipa jumuiya ya Peters hati ya ulinzi.

Mwaka 1886 Mwingereza na Mjerumani walikubaliana juu ya mstari. Ulianza pwani kwenye mlango wa mto Umba, ukapita Ziwa Jipe, ukazunguka mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha ukanyooka hadi ukingo wa mashariki wa Ziwa Viktoria, mahali linapokatwa na latitudo ya digrii 1 kusini ya Ikweta. Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 wakaurefusha mstari huo kuvuka ziwa na kuendelea magharibi juu ya latitudo hiyo hiyo. Hivyo ndivyo Wamasai walivyojikuta katika makoloni mawili bila kuhama hata boma moja.

Yafaa mwalimu asimame kidogo hapa. Ipo hadithi iliyoenea sana kwamba mstari ule unapinda kwenye Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mlima huo mjukuu wake, Kaiser Wilhelm wa Pili. Watoto huipenda, na walimu wengi huisimulia. Lakini mjukuu huyo alitawazwa mwaka 1888, na mstari ulikwisha kuchorwa mwaka 1886. Isitoshe, mwaka 1885 wakala wa Wajerumani alikwisha kupata mkataba na Mangi Rindi wa Moshi. Kilichopindisha mstari ni mashindano ya makampuni na dola zilizokuwa nyuma yao. Kwa hiyo tarehe mbili na ramani moja zinatosha kuivunja hadithi nzima. Mtoto aliyefanya zoezi hilo mara moja amejifunza jambo kubwa kuliko Kilimanjaro, yaani kwamba maelezo yanayopendeza hayana budi kupimwa.

SHULE YA MKOLONI NA GAZETI LAKE

Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga katika miaka ya 1890. Haja yao ilikuwa makarani, wakalimani na walimu wadogo. Shuleni hapo hapo ndipo lilipochapwa gazeti la Kiongozi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza aliendeleza utaratibu huo huo kwa lugha ya upole zaidi: kuanzia mwaka 1923 Idara yake ya Elimu ilitoa gazeti la kila mwezi lililoitwa Mambo Leo. Jina lenyewe linaonyesha kuwa serikali ya kikoloni ilielewa vizuri kwamba habari za siku na darasa ni kitu kimoja.

Tuseme haki: Mambo Leo lilisaidia kueneza usomaji wa Kiswahili, na washairi wengi walijulikana kupitia kurasa zake. Lakini msomaji wake alipokea habari kutoka juu. Alielezwa serikali imeamua nini, wala hakuulizwa kwa nini. Ukutani mwa darasa ilining'inia ramani ya dunia yenye nchi za himaya ya Mwingereza zilizopakwa rangi nyekundu. Mtoto alijua majina ya mito ya Uingereza kabla ya kujua maji ya mto wa wilaya yake yanakwenda wapi.

Wananchi hawakukaa kimya. Mwaka 1937 Erica Fiah alianzisha Dar es Salaam gazeti la Kwetu, na kwa mara ya kwanza Mwafrika wa Tanganyika akawa na gazeti lake mwenyewe la kuhoji. Mwaka 1957 chama cha TANU kikatoa Sauti ya TANU. Na ramani nayo ilianza kusomwa kwa macho mapya. Tanganyika haikuwa koloni kamili la Mwingereza. Tangu mwaka 1922 ilikuwa nchi aliyodhaminiwa na Shirikisho la Mataifa, na tangu mwaka 1946 ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Rangi nyekundu ya ukutani ilificha tofauti hiyo. Waanzilishi wa TANU waliiona, na ndiyo iliyompa Mwalimu Nyerere njia ya kwenda mbele ya Baraza la Udhamini, New York, mwezi wa Machi 1955. Aliyejua kusoma ramani kwa sheria zake alipata mlango ambao aliyetazama rangi tu hakuuona.

MIAKA YA UKOMBOZI

Baada ya Azimio la Arusha kutangazwa tarehe 5 Februari 1967, ilifuata hati ya Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi mwaka huo huo. Hati hiyo iliikosoa shule tuliyorithi kwa kumtenga mtoto na jamii yake na kwa kumfundisha kwamba maarifa yote yamo kitabuni. Watu wengi wanapoikumbuka hati hiyo huzungumza juu ya shamba la shule. Jembe lilikuwa sehemu yake moja. Sehemu nyingine ilikuwa kumjengea mwanafunzi akili ya kuuliza, uwezo wa kujifunza kwa yale wanayofanya wengine, na moyo wa kujiamini.

Mazingira ya wakati huo yalisaidia. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na silaha zake zikaanza kusikika Cabo Delgado tarehe 25 Septemba 1964. Kwa mtoto wa Newala au Songea, vita ya Msumbiji haikuwa habari ya mbali. Aliwaona wakimbizi waliovuka Ruvuma. Redio Tanzania ilipotoa taarifa ya habari, mtoto huyo aliweza kunyosha kidole upande inakotoka habari yenyewe.

Mfano mzuri kuliko yote ni Reli ya Uhuru. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao. Mwalimu aliyetaka kueleza maana ya tukio hilo hakuhitaji hotuba ndefu. Alihitaji ramani na chaki. Aliizungushia Zambia duara, kisha akauliza: shaba ya Zambia itafikaje baharini? Magharibi ni Angola, iliyo chini ya Mreno. Kusini ni Rhodesia ya walowezi, na nyuma yake Afrika ya Kusini ya makaburu, ambayo pia inaikalia Namibia. Kusini mashariki ni Msumbiji, tena ya Mreno. Kongo ina matatizo yake. Imebaki njia gani? Wanafunzi walijibu wenyewe: Tanzania.

Baada ya jibu hilo, habari zilizofuata zilieleweka kama viungo vya mnyororo mmoja. Ilieleweka kwa nini bomba la mafuta la kilomita 1,710 lilijengwa kutoka Dar es Salaam hadi Ndola na kumalizika mwaka 1968. Ilieleweka kwa nini wafadhili wa Magharibi walisema reli haina faida, na kwa nini China ilikubali. Ilieleweka kwa nini kilomita 1,860 za reli, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, zilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Mtoto aliyechukua rula na kupima safari hiyo kwa kipimo cha ramani alijua uzito wa neno mshikamano kuliko yule aliyeliimba katika mchakamchaka kila asubuhi.

MTIHANI WA KAGERA

Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia mkoa wa Kagera, ambao wakati huo bado uliitwa Ziwa Magharibi. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kuwa ameitwaa sehemu yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, na kwamba mto huo ndio mpaka. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likavunjwa.

Dai hilo lilikuwa na hila ndani yake. Kwa asiyejua ramani, mto huonekana kuwa mpaka wa asili, na mstari wa latitudo huonekana kuwa kitu cha kubuni. Lakini tufuate ramani. Mpaka ni ile latitudo ya digrii 1 kusini iliyotajwa mwaka 1890, inayopita Mutukula. Mto Kagera unaingia kusini ya mstari huo, unapita Kyaka, halafu unapinda kurudi kaskazini na kumwaga maji yake ziwani upande wa Uganda. Kati ya mto na mstari kuna nchi ya kilomita za mraba zipatazo 1,800, yenye vijiji, mashamba na ranchi. Huko ndiko Amin alikokutaka.

Mwanafunzi aliyejua hayo aliweza kumjibu Amin kwa sentensi moja. Yule ambaye hakuyajua aliweza kukasirika tu. Wote wawili walikuwa wazalendo, na wananchi walijitolea kwa moyo wote mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Lakini chama cha ukombozi hakiwezi kutosheka na uzalendo wa hasira. Hasira humsikiliza yeyote mwenye sauti kubwa. Uelewa humwuliza: mstari uko wapi?

Kagera inaleta pia swali zito zaidi, na kada hapaswi kulikwepa mbele ya wanafunzi. Tunalaani mipaka ya Berlin. Mbona basi tulimwaga damu kulinda mstari mmoja wa mipaka hiyo hiyo? Jibu lake ni Azimio la Cairo la mwezi wa Julai 1964. Wakuu wa nchi huru za Afrika walikubaliana kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kulitetea azimio hilo. Hawakusema kwamba mipaka hiyo ni ya haki. Walisema kwamba kila mmoja akianza kuichora upya kwa bunduki, Afrika nzima itawaka, na mnyonge ndiye atakayeungua kwanza. Mipaka ya mkoloni itafutwa kwa umoja na mapatano, si kwa uvamizi. Mtoto asipoelezwa hivyo, ataona tunajipinga wenyewe.

ZIWA NYASA: SOMO GUMU

Kuna ramani nyingine ambayo ni ngumu zaidi kuifundisha. Mkataba ule ule wa mwaka 1890 uliweka mpaka kati ya nchi ya Mjerumani na Nyasaland kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Nyasa. Malawi husimama juu ya maneno hayo na juu ya Azimio la Cairo. Tanzania husema mpaka upo katikati ya ziwa, na ina hoja zake: desturi ya sheria za kimataifa kwa maziwa ya mipakani, ripoti kadha za utawala wa Mwingereza baada ya mwaka 1920 zilizoonyesha mstari wa katikati, kifungu cha sita cha mkataba wenyewe kilichoruhusu marekebisho kulingana na hali ya mahali, na maisha ya watu wa Kyela, Ludewa na Mbamba Bay, ambao maji ya kunywa na samaki wao ni ziwa hilo. Mzozo ulizuka katika miaka ya 1967 na 1968, ukaibuka tena mwaka 2012, kisha ukapelekwa kwa wasuluhishi, marais wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano.

Wapo walimu wanaoona heri kulipita jambo hili. Wengine hulifundisha kwa nusu, wakataja hoja zetu tu. Njia zote mbili ni kosa. Kijana aliyefichwa hoja ya jirani atakutana nayo siku nyingine, kwenye simu yake au ng'ambo, na siku hiyo atadhani kwamba sisi tulimdanganya katika mengine yote. Tena atashindwa kuitetea hoja yetu, kwa kuwa hakuwahi kuisikia ikipingwa. Mweke darasani ramani mbili za ziwa moja, moja imeandikwa Nyasa na nyingine Malawi. Mpe maneno ya mkataba. Mgawe wanafunzi makundi mawili, kila kundi litetee upande mmoja, kisha wabadilishane. Watatoka wakiwa Watanzania imara zaidi, na hawatamchukia Mmalawi.

MAHALI TULIPOTELEZA

Ni lazima tujikosoe kama harakati. Elimu ya Siasa ilikuwa somo shuleni, na shabaha yake ilikuwa sahihi. Lakini katika shule nyingi ilishuka ikawa kukariri: ahadi za mwanachama, majina ya mawaziri, miji mikuu ya nchi, tarehe za maazimio. Katika mstari wa asubuhi mtoto alisoma taarifa ya habari kwa sauti nzuri, wenzake wakapiga makofi, kisha wote wakaingia darasani bila kuitafuta kwenye ramani nchi iliyotajwa.

Sababu zilikuwapo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua elimu ya msingi iwe kwa wote, na mwaka 1977 milango ya shule ilifunguliwa kwa watoto wengi mno kuliko vitabu na walimu waliokuwapo. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Lakini darasa lenye watoto wengi na atlasi moja humsukuma mwalimu kuwaimbisha. Hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980 ikazidisha uhaba. Mtihani nao ulipima kumbukumbu kuliko hoja. Baada ya mfumo wa vyama vingi kuanza mwaka 1992, somo la Siasa liliondoka na Uraia likaingia. Jina lilibadilika, lakini tabia ya kukariri iliendelea kukaa kwenye dawati lile lile.

KAZI ILIYO MBELE

Nini basi kifanyike? Hatuhitaji kungoja vifaa vya gharama. Twaweza kuanza na haya:

1. Ramani ianze chini ya miguu ya mtoto. Watoto wadogo wapime uwanja wa shule kwa hatua zao, wauchore kwenye mchanga, kisha kwenye karatasi. Hapo ndipo watakapoelewa kipimo cha ramani. Wakubwa wapewe ramani ya 1:50,000 ya eneo lao, ambamo sentimita 2 ni kilomita 1, watafute kisima, zahanati na barabara, na waulize kwa nini kitongoji fulani kiko mbali na vyote vitatu. Swali hilo ni siasa tayari.

2. Kila habari iulizwe maswali manne: imetokea wapi? Pana umbali gani kutoka kwetu? Nani anapakana na mahali hapo? Nani anafaidika na nani anaumia? Tuchukue mfano. Kuanzia Novemba 2023 meli za mizigo zilishambuliwa katika Bahari ya Shamu, na makampuni mengi yakazungusha meli zao kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Mtoto atafute mlango wa Bab el Mandeb, afuate njia ya mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869, kisha apime njia ndefu ya kuzunguka Afrika. Baada ya hapo ndipo aulize habari hiyo inamhusu vipi mkulima anayengoja mbolea.

3. Ramani yenyewe ihojiwe. Ramani ya dunia inayoonekana katika shule nyingi inatokana na kazi ya Gerardus Mercator ya mwaka 1569. Iliwafaa mabaharia, maana inawaonyesha uelekeo sawasawa. Lakini inazikuza nchi zilizo mbali na Ikweta. Humo Greenland inakaribia kulingana na Afrika, wakati kwa kweli Afrika ina ukubwa wa Greenland mara 14 hivi. Mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono mwito wa kuiacha ramani hiyo. Mwalimu asingoje ramani mpya ifike. Tufe dogo, au hata chungwa lililochorwa na kumenywa, litaonyesha kwamba ganda la mviringo halilali juu ya meza bila kuchanika.

4. Makada wa matawi wasiende shuleni kuhutubia tu. Waende kuulizwa. Mzee aliyepigana Kagera, au aliyefanya kazi kwenye reli, asimame mbele ya ramani na kuonyesha alipopita.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi simu inamwonyesha kijana njia, hivyo ramani haina haja tena. Simu humwelekeza pa kukata kona. Haimwelezi kwa nini barabara imepita huku na si kule, wala haimwonyi kwamba picha aliyotumiwa kama ya vita ya leo imetoka nchi nyingine na mwaka mwingine. Uwongo husafiri upesi katika akili isiyojua mahali wala tarehe. Mwenye vyote viwili hudanganyika kwa shida, na asiyedanganyika hatawaliki ovyo: si na beberu, si na mchochezi, wala si na kiongozi wake mwenyewe akipotoka.

Hilo la mwisho lisitutie hofu. Chama kinachotegemea wananchi hakina cha kupoteza wananchi wakijua mahali walipo. Wazazi wetu walirithi ramani iliyochorwa na wengine, wakailinda na kuijengea reli. Watoto wetu watakuwa na kazi ya kuifanya Afrika iwe moja ndani ya mistari hiyo, na pengine siku moja kuifuta kwa hiari yao. Kazi hiyo inaanza na mwalimu, kipande cha chaki na swali: wapi, na kwa nini?